Kusudi la maisha kwa muuza viazi: jibu kwa mama wa Uyole

Swali: Mchungaji, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Uyole, Mbeya. Ninanunua viazi Umalila na kuvipeleka Dar es Salaam. Niliokoka miaka tisa iliyopita na sijarudi nyuma, ila amani sina. Mwaka jana mzigo uliniozea njiani, nikakopa milioni tatu ili kuziba pengo, na mkopo wenyewe ni ule wa riba kubwa uitwao kausha damu. Ninaamka saa nane usiku moyo ukinidunda. Wakulima nao wananilalamikia lumbesa, lakini soko ndivyo lilivyo. Kwenye semina tuliambiwa kwamba asiyejua kusudi la maisha yake anaishi bure, na mtumishi mmoja akaniambia nipeleke sadaka ili nifunuliwe kusudi langu. Nimetoa mara mbili, sijafunuliwa kitu. Je, Mungu ana kusudi gani na muuza viazi, na ile amani aliyoiahidi Yesu iko wapi?

Jibu: Marahaba, mama, na Bwana Yesu asifiwe. Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu umeuliza maswali mawili na katikati yake ukataja jambo jingine kwa kupita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nitajibu maswali yako, lakini jambo hilo nitalirudia, maana naamini halikuingia katika barua yako kwa bahati.

Nianze na sadaka. Usitoe mara ya tatu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Simoni mchawi aliwaletea mitume fedha ili apewe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, na Petro alimkemea kwa maneno makali sana, kwa sababu alidhani kwamba karama ya Mungu hununuliwa. Sadaka ni shukrani kwa Mungu aliyekwisha kutoa, na haijawahi kuwa kiingilio. Kama Mungu ana neno juu ya maisha yako, hatalifungia katika kabati la mtu mwingine akusubiri ulete shilingi.

Sasa tuje kwenye kusudi lenyewe. Nadhani kwenye semina hiyo mlisomewa Yeremia 29:11, maana ndio mstari tunaoukuta katika kalenda za ukutani, katika kadi za mwaka mpya na hata nyuma ya mabasi: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya.” Nimefundisha Agano la Kale kwa miaka mingi, na bado ninaumia ninapoona mstari huu ukitolewa nje ya nyumba yake, kwa sababu nyumba yake ni nzuri kuliko ukuta wowote tunaoubandika. Maneno hayo yametoka katika barua. Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka wa 597 kabla ya Kristo. Watu hao walikuwa wamepoteza mashamba, Hekalu na makaburi ya baba zao, na swali lao lilikuwa hilohilo lako: Mungu ana kusudi gani na sisi tuliokwama hapa?

Walikuwapo manabii waliowajibu haraka. Sura ya 28 inamtaja Hanania, aliyetangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kingerudishwa, na akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili watu waone kwa macho. Ninaamini kwamba siku hiyo watu walishangilia. Yeremia ndiye aliyekuja na habari ngumu, kwamba miaka ni 70, yaani wengi wa waliokuwa wakimsikiliza wangefia ugenini. Kisha, katika barua yake, kabla hajafika kwenye ule mstari tunaoupenda, akawaeleza kile ambacho Mungu aliwataka wakifanye katika miaka hiyo yote, nacho ni hiki: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, wautakie amani mji walimochukuliwa mateka na kuuombea, “kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani.”

Tazama, mama, kusudi la Mungu kwa watu wale lilivyoshuka hadi kwenye matuta ya bustani. Hakuna aliyeambiwa aache kazi yake akatafute siri. Waliambiwa waishi kikamilifu mahali walipo, wakimpenda Mungu na kuwatakia mema majirani ambao hawakuwachagua, na kwamba mawazo ya amani ambayo Mungu aliwawazia yangewakuta humo humo, mikono yao ikiwa na udongo. Kwa hiyo, unapouliza Mungu ana kusudi gani na muuza viazi, ninakujibu bila kusita kwamba kusudi lake ni kwamba mtu fulani wa Dar es Salaam, ambaye hutamwona kamwe, ale chakula kizuri jioni. Kwamba mkulima wa Ilembo au Santilya apate ada ya mtoto wake kutokana na jasho lake. Kwamba watoto wako watatu wakue wakiona imani ikifanya kazi saa kumi alfajiri kwenye baridi ya Uyole. Na kwamba katika hayo yote umjue Mungu na kumfurahia. Utakapoitwa kufanya jambo jingine, na huenda siku moja ukaitwa, wito huo utakukuta kazini, kama Petro alivyokutwa kwenye nyavu.

Kanisa langu la Moravian lina sababu ya pekee ya kulikumbuka hili. Wamisionari wa kwanza waliotumwa na ndugu wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, kwenda katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani, walikuwa Leonhard Dober, aliyekuwa mfinyanzi, na David Nitschmann, aliyekuwa seremala. Injili iliyofika Rungwe mwaka 1891 ilitoka katika mkondo huo wa watu wa kazi za mikono. Basi mtu akituambia sisi watu wa nyanda hizi kwamba kazi ya kawaida ni maisha ya bure, anatuondolea mizizi yetu wenyewe. Paulo naye alishona mahema huko Korintho, na sioni mahali popote anapoziomba radhi zile sindano.

Lakini usinielewe vibaya, kana kwamba nasema kila kazi ni takatifu kwa namna yoyote inavyofanywa. Hapa ndipo ninaporudi kwenye lile ulilolitaja kwa kupita.

Uliandika: “Wakulima nao wananilalamikia lumbesa, lakini soko ndivyo lilivyo.” Kwa wasomaji wasiotoka huku, lumbesa ni lile gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha wavu juu na kushonwa, ili mkulima alipwe bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia kwa kiasi kikubwa. Sheria za vipimo za nchi yetu zinakataza ufungashaji huo na zimeweka kikomo cha kilo 100 kwa kifurushi cha mazao, lakini wewe na mimi tunajua kinachofanyika shambani ambako hakuna mizani na lori linanguruma likingoja. Sikuhukumu, mama. Ninajua kwamba hukuuanzisha utaratibu huu, na kwamba mnunuzi wa Dar es Salaam atakuuliza mbona gunia lako ni dogo kuliko la jirani yako. Nami nimetoka katika nyumba ya wakulima. Baba yangu aliuza viazi kwa namna hiyo hadi anazeeka, na nakumbuka jinsi alivyokuwa akinyamaza jioni ya siku ya mauzo, huku mama akihesabu fedha na kuzirudia, kana kwamba zingeongezeka kwa kuhesabiwa.

Mithali 11:1 inasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, “bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza.” Katika Kiebrania, maneno yaliyotafsiriwa “vipimo vilivyo sawasawa” ni even shlema, na maana yake ni jiwe kamili, kwa kuwa watu wa zamani walipima kwa mawe, na mfanyabiashara mdanganyifu alikuwa na jiwe zito la kununulia na jiwe jepesi la kuuzia. Hilo neno shlema, kamili, limetoka katika shina lilelile la shalom, neno ambalo Biblia yetu hulitafsiri amani. Ninaomba ulitafakari hili polepole, maana nilipoligundua nikiwa mwanafunzi lilinikosesha raha kwa majuma kadhaa. Shalom haikuwa kwanza hisia ya moyo uliotulia. Ilikuwa ukamilifu wa mambo, hali ambamo kitu hakijapunguzwa wala hakijaibiwa sehemu yake, na jiwe lililo kamili kwenye mizani la mfanyabiashara lilikuwa jamaa ya amani ile ile ambayo kuhani aliitamka juu ya watu alipowabariki. Na katika barua ya Yeremia, ile amani ya mji ambayo mateka waliambiwa waitafute, na yale mawazo ya amani, yote mawili ni shalom.

Sasa jiulize, kwa upole, kama amani unayoitafuta kwenye mikesha haikuwa imeketi muda wote huo kwenye mdomo wa gunia. Sisemi kwamba viazi viliharibika kwa sababu ya lumbesa. Mvua ya masika na barabara ya utelezi huozesha mzigo wa mwenye haki na wa mdhalimu, na ole wangu nikikuongezea mzigo kwa kukuambia kwamba hasara yako ni adhabu. Ninachosema ni kwamba dhamiri ya mtu aliyeokoka haiwezi kuzoea kabisa malalamiko ya jirani. Umeshiriki Meza ya Bwana kwa miaka tisa, na Roho wa Mungu hakai ndani ya mtu kama mpangaji asiyeruhusiwa kusema. Wewe mwenyewe uliandika sentensi ile. Ungeweza kuiacha.

Katika Luka 3 watoza ushuru walimjia Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Kazi yao ilinuka kwa watu wote, na tungetarajia awaambie waiache. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango walichoamriwa. Jibu hilo lilikuwa la vipimo, na liliwarudisha kwenye meza zao zilezile za ushuru, wakiwa watu wapya. Nawe ninakushauri vivyo hivyo: usiiache biashara ya viazi, bali ibadilishe mahali inapomgusa jirani. Tafuta mizani ya kuning’iniza, nunua kwa kilo, au kama soko halijakuruhusu kuacha kilemba, basi mlipe mkulima uzito wa kilemba chake. Anza na wakulima watatu au wanne unaowafahamu, na uzungumze pia na akina mama wenzako wanaopanga lori moja nawe, kwa sababu mmoja akisimama peke yake atapigwa na bei, lakini watano wanaweza kumkalisha dalali chini. Sitakuahidi kwamba faida itaongezeka. Huenda ikapungua kwa msimu mmoja au miwili, na wenye kuahidi vinginevyo wanarudia kosa la Hanania. Ninaloliweza kulisema ni kwamba mkulima aliyelipwa haki ni mtu unayeweza kumtazama usoni, na kwa mtu anayeamka saa nane usiku hilo si jambo dogo.

Kuhusu mkopo. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na katika sura ya 4 aliwaambia wasijisumbue kwa neno lolote, bali haja zao zijulikane na Mungu kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru. Kisha anasema kwamba amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yao. Neno alilolitumia kwa kuhifadhi ni neno la askari anayelinda lango, na Filipi ulikuwa mji ambao Warumi walikuwa wamewakalisha askari wao wastaafu, kwa hiyo wasikilizaji wake walilielewa mara moja. Mlinzi hawekwi mahali pasipo hatari. Ukipewa amani hiyo, deni litakuwa bado lipo nje ya lango, lakini halitakuwa na ruhusa ya kuingia na kulala kitandani mwako.

Nataka uzingatie pia maneno “haja zenu na zijulikane.” Wengi wetu tunaomba kwa jumla: Bwana, nitoe katika madeni. Wewe chukua daftari, uandike kiasi kilichobaki, riba yake, tarehe ya kila rejesho, na kile kinachoingia kwa juma, halafu uombe ukiwa umeshika daftari hilo mkononi. Jambo likishaandikwa hupungua kimo. Baada ya hapo usilibebe peke yako. Sijui kama mume wako, au ndugu aliye karibu, analifahamu deni hilo kwa ukamilifu wake. Barua yako haikusema, na ukimya huo umenitia wasiwasi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha mwende pamoja kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho na siyo baada yake, mkaombe kupanga upya. Kama mko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kanisani au mtaani, kuhamishia deni huko kwa riba ya kibinadamu ni hekima, wala si upungufu wa imani. Mikopo ya kausha damu imepewa jina lake na watu walioionja, na Torati, ambayo inamkataza mkopeshaji kuchukua rehani jiwe la kusagia la maskini, haioni haya kuzungumza habari za riba.

Kuhusu usiku nitasema machache. Nenda hospitali upimwe presha na moyo, na umweleze daktari kwamba huamka saa nane na kwamba una mawazo mengi. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na neno la Mungu lilimfikia baadaye sana, mlimani Horebu. Mwili wako ni wa Mungu pia, na kufunga siku tatu mfululizo huku ukipakia viazi si jambo ninalokushauri kwa sasa.

Wala usijaze usiku huo kwa mahubiri ya simu, moja baada ya jingine. Ndugu wa Herrnhut walianza mwaka 1728 desturi ya kupewa neno moja fupi la Maandiko kwa kila siku, nalo lilipelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 linachapishwa kama kitabu, na sisi Wamoravian tunalisoma hadi leo. Nguvu ya desturi hiyo iko katika udogo wake. Mstari mmoja unaweza kubebwa hadi Mbalizi na kurudi. Chagua Zaburi ya 131, ambayo ina mistari mitatu tu, na ambamo mwimbaji anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kunyonya, akiwa kwa mama yake. Umelea watoto watatu, unamfahamu mtoto huyo. Yule anayenyonya bado hutulia akipewa. Huyu ameshaacha kudai, na ametulia kwa sababu mama yupo. Nimesoma vitabu vingi juu ya sala, na bado sijapata picha iliyo karibu zaidi na kile Yesu alichokimaanisha aliposema kwamba amani yake haitolewi kama ulimwengu utoavyo.

Asubuhi, kabla hujapanda lori, omba mstari wa mwisho wa Zaburi ya 90, unaomsihi Mungu aithibitishe kazi ya mikono yetu. Zaburi hiyo yote inasikitikia ufupi wa maisha, majani yanayochipuka asubuhi na kukauka jioni, na inamalizika kwa kumwomba Mungu wa milele aishike kazi ya mikono inayokufa. Nimeisoma kwenye maziko mengi ya watu wa kawaida kabisa, walimu wa shule za msingi, wachuma chai wa Tukuyu, madereva, wala sijawahi kuona kwamba imewazidi kimo.

Msimu wa kuvuna utakapofika, uniandikie tena. Faida nitafurahi kuisikia, lakini niambie kwanza yule mkulima wa kwanza uliyempimia kwa mizani alisema nini, na kama usiku ule ulilala hadi saa ngapi.